Mdundo wa Matatu na Kanuni ya Ohm: Kuoanisha Amplifaya na Sabufa Garini

Katika mitaa ya Nairobi, matatu husikika kabla haijaonekana. Kinachotangulia kufika si muziki wote, bali sehemu yake ya chini kabisa, yaani besi. Sauti nyembamba za waimbaji na magitaa huzuiliwa na vioo, kuta na miili ya watu. Mitetemo ya chini huzunguka pembe za majengo na kupenya mabati. Sababu yake ni ya kifizikia. Sauti husafiri hewani kwa kasi ya meta 340 hivi kwa sekunde. Mlio wenye mitetemo 40 kwa sekunde, yaani hezi 40, una wimbi lenye urefu wa meta 8.5, ambao wapita urefu wa Toyota Hiace nzima. Wimbi la namna hiyo haliwezi kuenea ndani ya gari. Badala yake hewa yote iliyomo hubanwa na kuachiwa kwa pamoja, mara 40 kila sekunde. Ndiyo maana abiria huihisi besi kifuani kabla ya kuisikia masikioni.

Matatu ziliruhusiwa rasmi kubeba abiria nchini Kenya mwaka 1973, na kwa njia nyingi za jiji muziki umekuwa sehemu ya biashara yenyewe: vijana huiacha gari isiyo na mdundo ipite, wakangoja nyingine. Kwa hiyo mwenye gari hununua amplifaya na sabufa kwa fedha nyingi, fundi akazifunga, na baada ya majuma machache jambo moja kati ya manne hutokea: amplifaya huungua, koili ya sabufa huungua, betri hufa, au waya huyeyuka chini ya zulia. Lawama hutupiwa bidhaa bandia. Bidhaa bandia zipo, na si chache. Lakini sehemu kubwa ya hasara hizo ingeweza kuzuiwa kwa kalamu, karatasi na masomo ya umeme yanayofundishwa katika shule za sekondari.

Omu zilizoandikwa na omu zinazopimwa

Sabufa ni spika ya kawaida iliyotengenezwa kwa ajili ya mitetemo ya chini. Umbo lake la msingi halijabadilika sana tangu mwaka 1925, Chester Rice na Edward Kellogg wa kampuni ya General Electric ya Marekani walipoeleza spika yao yenye koili inayocheza ndani ya uwanja wa sumaku. Mkondo geu hupita katika koili. Koili husukumwa mbele na nyuma. Koni iliyogundishwa nayo husukuma hewa.

Kazi hiyo hufanyika kwa ufanisi mdogo mno. Katika sabufa ya kawaida, chini ya sehemu moja kwa mia ya nishati ya umeme ndiyo igeukayo sauti. Inayobaki hugeuka joto. Sabufa inayopokea wati 500 mfululizo hutoa sauti isiyofika wati 5, na wati 495 na zaidi huwa joto ndani ya waya mwembamba uliozungushwa kwenye bomba dogo. Pasi nyingi za umeme za nyumbani hutumia wati 1,000. Basi koili hiyo imebeba joto la nusu ya pasi, nayo haina chuma kizito cha kulisambaza. Koili ikiungua, harufu yake haisahauliki.

Nyuma ya sabufa huandikwa omu 4, au 2, au 8. Mwanafunzi akiipima ile ya omu 4 kwa multimita, atasoma omu 3 na nusu hivi, naye atadhani kipimo kimekosea. Hakikukosea. Multimita hupima ukinzani wa waya kwa mkondo mnyoofu tu. Mkondo geu hukutana na vizuizi zaidi: uwanja wa sumaku wa koili yenyewe, na umeme unaozalishwa na koili inapocheza, ambao huupinga ule unaoingia. Jumla ya vizuizi hivyo huitwa impidansi, nayo hubadilika kulingana na idadi ya mitetemo. Penye mtetemo ambao koni huupenda kwa maumbile yake, impidansi ya sabufa ya omu 4 huweza kupanda hadi makumi ya omu. Tarakimu iliyoandikwa ni makadirio ya kufanyia hesabu, wala si ahadi.

Hata hivyo hesabu hizo zatosha kuokoa amplifaya. Kwa kanuni aliyoichapisha Georg Simon Ohm mwaka 1827, mkondo ni volti zikigawanywa kwa ukinzani, na nguvu ni volti mara mkondo. Amplifaya hujitahidi kushikilia volti zilezile bila kujali kilichofungwa mbele yake. Mathalani inatoa volti 20. Kwa sabufa ya omu 4 itapitisha ampea 5 na kutoa wati 100. Sabufa ya pili ya namna ileile ikifungwa sambamba na ya kwanza, ukinzani hushuka kuwa omu 2. Mkondo ni ampea 10, nguvu ni wati 200. Zikifungwa nne sambamba, ukinzani ni omu 1, mkondo ni ampea 20, nguvu ni wati 400. Fundi hufurahi kwa kuwa mdundo umeongezeka. Transista za ndani hazifurahi, kwa sababu joto lake huongezeka pamoja na mkondo, na mtengenezaji alikwisha kuandika chini ya boksi ukinzani mdogo kabisa unaovumilika.

Zikifungwa kwa mfululizo, ukinzani hujumlishwa: mbili za omu 4 huwa 8. Sabufa nyingi za siku hizi zina koili mbili katika koni moja. Yenye koili mbili za omu 4 huweza kuwa ya omu 2 au ya omu 8 kwa jinsi inavyounganishwa, na sabufa mbili za aina hiyo huweza kuwa mzigo wa omu 1, 4 au 16. Ni zoezi zuri la darasani kuitafuta michoro hiyo mitatu.

Mtego mkubwa zaidi uko mahali pengine. Amplifaya yenye njia mbili huweza kuunganishwa ili njia zote mbili ziisukume sabufa moja, moja ikivuta wakati nyingine inasukuma. Mafundi huiita kufunga kwa daraja. Hapo kila njia hujikuta imebeba nusu ya ukinzani. Sabufa ya omu 4 iliyofungwa kwa daraja ni sawa na omu 2 kwa kila njia. Ya omu 2 ni sawa na omu 1. Amplifaya nyingi zisemazo zinavumilia omu 2 humaanisha omu 2 kwa kila njia, si kwa daraja, na nyingi zimeungua kwa kutosomwa kwa sentensi hiyo moja.

Wati za kwenye boksi

Redio nyingi za gari huandikwa usoni wati 50 mara 4. Maneno hayo yapaswa kupimwa. Gari likiwa linakwenda, umeme wake ni volti 14.4 kwa ukarimu. Redio isiyo na kifaa cha kupandisha volti haiwezi kutoa kilele kinachozidi volti hizo. Wimbi laini lenye kilele cha volti 14.4 lina volti fanisi 10.2, yaani kilele kikigawanywa kwa 1.41. Kwa spika ya omu 4, volti 10.2 hutoa wati 26, na transista zikishachukua sehemu yake hubaki 20 hivi. Zile 50 zilitoka wapi? Wimbi likikatwa vilele mpaka likawa la mraba, volti zake fanisi ni 14.4 kamili, na 14.4 mara 14.4 ikigawanywa kwa 4 ni wati 52. Muuzaji hakusema uongo mtupu. Alipima kelele, hakupima muziki.

Amplifaya kubwa hutoka katika kifungo hicho kwa kuukatakata umeme wa betri mara maelfu kwa sekunde, kuupitisha katika transfoma ndogo na kuupandisha. Lakini nishati haiumbwi ndani ya boksi. Kinachotoka hakiwezi kuzidi kilichoingia, na kilichoingia kimepita kwenye fyuzi. Hapa pana kipimo ambacho mtu yeyote aweza kukifanya dukani kabla ya kutoa fedha. Boksi limeandikwa wati 1,500, na ubavuni pana fyuzi moja ya ampea 30. Ampea 30 mara volti 13.8 ni wati 414. Amplifaya za kisasa za kukatakata umeme zina ufanisi wa asilimia 80 hivi. Za mtindo wa zamani, asilimia 50 au 60. Kwa hiyo boksi hilo haliwezi kutoa zaidi ya wati 330 hivi kwa muda mrefu, hata liandikwe nini. Mwaka 2003 chama cha watengenezaji wa vifaa vya elektroniki cha Marekani kilitoa kiwango kiitwacho CEA-2006, kinachotaka wati zipimwe kwa volti 14.4, kwa omu 4, na kwa upotoshaji usiozidi asilimia 1. Bidhaa iliyopimwa hivyo huaminika kuliko iliyoandikwa neno «max» kwa herufi za dhahabu.

Kuoanisha kwenyewe ni jambo fupi. Wati za kudumu za amplifaya, katika ukinzani utakaofungwa hasa, zilingane na jumla ya wati za kudumu za sabufa. Sabufa mbili za omu 4, kila moja ikivumilia wati 250, zikifungwa sambamba zahitaji amplifaya ya wati 500 kwa omu 2. Amplifaya hiyo, ikiwa na ufanisi wa asilimia 80, itavuta wati 625 kutoka kwenye gari, yaani ampea 45 mdundo unapofika kileleni. Muziki una mapumziko, hivyo wastani ni mdogo kuliko huo. Lakini altaneta hutoa ampea chache gari linaponguruma tu katika foleni, na katika foleni ndiko dereva anakopandisha sauti.

Ipo kauli maarufu ya mafundi kwamba amplifaya ndogo huua spika kubwa. Ni kweli nusu. Amplifaya ya wati 250 ikisukumwa kupita uwezo wake, vilele vya mawimbi hukatika, na wimbi lililokatwa kabisa hubeba nguvu maradufu ya lile laini lenye kilele hichohicho. Basi ile ya 250 huweza kumwaga karibu wati 500 katika koili iliyotengenezwa kwa 250. Kinachoua ni joto, si udogo. Kirungu kilichoandikwa «gain» nacho hakiongezi wati. Kazi yake ni kulinganisha umeme mdogo wa redio na mlango wa amplifaya. Kwa wati 500 katika omu 2, volti zinazotakiwa ni kipeuo cha pili cha 500 mara 2, yaani volti 31.6. Fundi aweza kuondoa sabufa, kucheza mlio safi wa hezi 50, na kupandisha kirungu mpaka multimita ya mkondo geu isome 31.6, kisha akakiacha hapo. Multimita za bei nafuu hupima vyema kwa hezi 50, kwa kuwa zilitengenezwa kwa ajili ya umeme wa majumbani; ni bahati njema kwamba hezi 50 ni besi pia. Haitaonyesha, lakini, kama wimbi limekatika. Kwa hilo yahitajika osiloskopu, au sikio lililofunzwa.

Betri mbili na magonjwa mawili

Matatu kubwa za Nairobi, zile zenye viti 33, mara nyingi hujengwa juu ya chesisi ya lori la Isuzu. Malori ya namna hiyo mengi yana betri mbili za volti 12 zilizofungwa kwa mfululizo, nayo umeme wake ni volti 24. Amplifaya za gari hutengenezwa kwa volti 12. Njia ya mkato ni kuchukua umeme kwenye kiungo kilicho kati ya betri mbili. Muziki hulia vizuri siku ya kwanza, na ya pili, na hata ya thelathini.

Tatizo hufichwa na mfululizo wenyewe. Altaneta hupitisha mkondo mmoja katika betri zote mbili, haiwezi kuipa moja zaidi ya nyingine. Amplifaya huinywa betri ya chini peke yake. Kidhibiti volti nacho hutazama jumla tu; kikiona volti 28, huridhika. Betri ya chini ikishuka hadi volti 12.5, ile ya juu italazimika kubeba 15.5 ili jumla itimie. Ya chini haijai kamwe, na sahani zake za risasi hufunikwa na sulfati ngumu. Ya juu hujazwa kupita kiasi, maji yake huchemka na kugawanyika kuwa hidrojeni na oksijeni, gesi ambazo cheche moja yatosha kuzilipua. Baada ya miezi michache zote mbili zimekufa, moja kwa njaa na nyingine kwa shibe, na mwenye gari hununua jozi mpya huku akimlaumu muuza betri. Tiba ni kigeuzi cha kushusha volti 24 hadi 12, chenye uwezo wa ampea zinazohitajika, kilichounganishwa na betri zote mbili kwa pamoja. Au kisawazisha betri kinachohamisha chaji kutoka ya juu kwenda ya chini. Vyote viwili vina gharama, ila gharama hiyo hulipwa mara moja.

Waya na moto

Shaba yenye urefu wa meta 5 na eneo la mkato la milimeta za mraba 4 ina ukinzani wa omu 0.021 hivi. Ni kidogo, mpaka ampea 45 zipite: volti 0.96 hupotea njiani, na wati 43 hugeuka joto chini ya zulia. Waya wa milimeta za mraba 16 hupoteza volti 0.24 tu, na joto lake ni wati 11. Madukani wapo pia waya wa aluminiamu uliopakwa shaba, mnono na wa kupendeza. Ukikwanguliwa kwa kisu, ndani ni mweupe. Ukinzani wake ni mara moja na nusu ya shaba tupu, hivyo hauna budi kuwa mnene zaidi kwa kazi ileile.

Fyuzi kuu haikuwekwa kwa ajili ya kuilinda amplifaya. Huulinda waya, na kwa sababu hiyo mahali pake ni karibu na betri, isizidi nusu meta. Gari hutikisika, waya uliopitishwa katika tundu la bati bila mpira hulika taratibu mpaka shaba iguse bodi. Betri yenye ukinzani wa ndani wa omu 0.01 itapitisha katika waya ule mwembamba ampea zipatazo 380, na waya utapokea joto la wati 3,000 na zaidi, sawa na majiko ya umeme kadhaa yaliyolazwa chini ya miguu ya abiria. Fyuzi iliyowekwa upande wa amplifaya haitaukata mkondo huo, kwa kuwa haumo njiani mwake. Fyuzi iliyobadilishwa kwa msumari haitaukata popote ilipo.

Sanduku ni somo la kujitegemea. Yatosha kusema kwamba wimbi la nyuma ya koni ni kinyume cha lile la mbele, na bila sanduku hufutana. Neville Thiele mwaka 1961, na Richard Small katika miaka ya 1970, wote wakiwa Australia, ndio waliotoa milinganyo ya kukokotoa ujazo wa sanduku na urefu wa bomba lake. Chupa ya soda ikipulizwa mdomoni huonyesha kanuni hiyohiyo ya hewa kuitikia mtetemo mmoja. Kufutana huko hutokea pia sabufa moja ikifungwa chanya kwa hasi: mbili hulia kwa unyonge kuliko moja. Betri ndogo ya volti 1.5 ikiguswa kwenye nyaya kwa nukta moja, koni iliyofungwa sawasawa husogea nje.

Desibeli tatu

Mwenye gari akiondoa amplifaya ya wati 500 na kuweka ya 1,000, ataongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo wasikilizaji wengi huitambua kwa shida. Ili mdundo usikike kuwa mkubwa maradufu zahitajika desibeli 10 hivi, yaani wati mara kumi. Ni rahisi zaidi kuchagua sabufa sikivu: yenye desibeli 92 kwa wati moja, ikilinganishwa na ya 86, hutoa sauti ileile kwa robo ya nguvu, na betri hupumua.

Sikio, hata hivyo, huzihesabu desibeli 3 hizo kwa njia yake. Kipimo kinachotumiwa na wataalamu wa afya kazini ni desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku, na kila desibeli 3 zinapoongezeka muda huo hukatwa nusu: saa 4 kwa 88, saa 1 kwa 94, dakika 15 kwa 100. Abiria hushuka. Dereva na utingo hubaki ndani tangu alfajiri hadi usiku, na seli ndogo zenye vinyweleo ndani ya sikio zikifa hazioti tena. Kenya ilitunga kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo mwaka 2009.

Mwalimu atakayewaongoza wanafunzi kupima kelele hizo hana budi kuangalia jambo moja katika mita ya sauti. Vipimo vingi huwekwa kwenye mizani iitwayo A, inayoiga usikivu wa sikio kwa sauti ndogo, nayo huupunguzia mlio wa hezi 40 desibeli zipatazo 35. Mizani A ndiyo inayotumika kwa zile saa 8 za kazi. Kujua ni besi kiasi gani iliyomo garini, swichi isogezwe kwenye mizani C, ambayo kwa mlio huohuo hupunguza desibeli 2 tu, na masomo yote mawili yaandikwe katika safu mbili za daftari.